Kanisa na biashara Nairobi: lifanye nini, liache nini, na hesabu zake zikoje

#1 Mhasibu_Eastlands

Wadau, salamu. Mjadala wa kanisa na maendeleo ya nchi hapa Nairobi umekwama mahali pamoja. Upande mmoja unataka kanisa lijenge shule na hospitali, upande wa pili unataka lihubiri tu na mambo ya biashara liwaachie wenyewe. Hesabu hazitajwi. Na tangu Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipokataa mchango wa Rais uliotolewa parokia ya Soweto, swali limekaa wazi: kanisa likikataa bahasha za wanasiasa, paa litaezekwa kwa pesa za nani?

Msimamo wangu ni huu. Kanisa lisifanye biashara ambayo muumini wake mmoja anaiweza. Lifanye ile inayomshinda muumini huyo: kununua kwa jumla, kupima ubora, kukusanya akiba na kukopesha, kufundisha kazi za mikono.

Si jambo geni. Misheni ya Waskoti iliyoanza Kibwezi mwaka 1891 na kuhamia Kikuyu 1898 ilijiita misheni ya viwanda tangu siku ya kwanza, na walioianzisha walikuwa wakurugenzi wa IBEA, kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki. Maquaker waliofika Kaimosi 1902 nao walitumia jina hilohilo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipanda kahawa Bura, Taita, mwaka 1893, kisha St. Austin's hapa Nairobi. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa, wakati huo likiitwa CCK, lilitoa ripoti kuhusu vijana waliomaliza shule ya msingi wakakosa sekondari na kazi pia. Vyuo vya ufundi vya vijijini vilianzia hapo, serikali ikaja kuvichukua baadaye.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni MEDS, shirika la makanisa la kununua na kusambaza dawa. Mwaka 1986 makanisa ya Kiprotestanti kupitia CHAK, chama chao cha afya, pamoja na maaskofu Wakatoliki, waliungana kununua dawa. Zahanati ya misheni iliyoko mbali ikiagiza makasha matatu ya amoksilini haina nguvu ya kupatana bei. Mamia ya zahanati zikiagiza kwa pamoja, muuzaji analegea. Halafu MEDS ina maabara ya kupima dawa inayotambuliwa na WHO. Hakuna mwenye duka la dawa wa Dandora anayeweza kujijengea hiyo, na hakuna aliyepoteza riziki kwa sababu imejengwa.

Karibuni, lakini mje na namba.

#2 Muumini_Mkali

Mhasibu, nikupinge kidogo. Umechagua mfano mzuri ukaacha tunayoyaona kila Jumapili. Kanisa limefungua kantini, duka la maji, saluni, studio ya picha za harusi. Wateja ni walewale waumini. Mama aliyekuwa akiuza chai na mandazi getini ameambiwa aondoke kwa sababu "anachafua mandhari". Shilingi ya mjane sasa inaingia kanisani mara mbili: asubuhi kama sadaka, saa tano kama chai. Taifa limeendelea wapi hapo?

La pili: mchungaji akiwa ndiye meneja, akila mtaji nani atamfuta kazi?

#3 Wakili_Ngong

Swali lako la pili linajibiwa na karatasi, kwa hiyo nianze nalo.

Makanisa mengi yamesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108. Chama cha namna hiyo hakina nafsi yake kisheria kama kampuni, ndiyo maana mali yake inapaswa kushikwa na wadhamini waliosajiliwa chini ya Sura ya 164. Kosa la kwanza ninaloliona kwenye mafaili ni hatimiliki iliyoandikwa majina ya wazee watatu wa kanisa. Mmoja ameshafariki, mwingine yuko Marekani, wa tatu amehamia kanisa jingine na ana hasira. Benki haikopeshi juu ya ardhi ya aina hiyo, na warithi wa marehemu wanaweza kuidai. Kabla ya kufikiria biashara yoyote, mali iingie kwa wadhamini waliosajiliwa.

Hatua ya pili ni kampuni. Unaisajili kwenye eCitizen kupitia BRS, ofisi ya kusajili biashara: fomu za CR1, CR2, CR8, na BOF1 ya wamiliki wanufaika. Wadhamini wa kanisa ndio wanaoshika hisa, kwa niaba ya kanisa. Mtu asipewe hisa hata moja "kwa muda tu, tutarekebisha". Hakuna anayerekebisha.

Katika katiba ya kampuni weka mambo yafuatayo, na usiyaache kwa maelewano ya mdomo: bodi ya watu 5, wasiozidi 2 kati yao wawe viongozi wa kanisa, mchungaji haketi kiti cha mwenyekiti wala hatii sahihi hundi, kampuni haikopeshi kanisa, haikopeshi mtumishi yeyote, wala haidhamini deni la ujenzi wa kanisa, meneja huajiriwa na hufutwa na bodi, si na baraza la wazee. Hicho kifungu cha kutodhamini deni la ujenzi ndicho kinachopigwa vita zaidi, na ndicho kinachookoa. Benki ikiona kampuni yenye mapato inadhamini jengo la ibada, siku jengo likikwama itakamata tanuri, magari na stoo.

Kisha ardhi. Kama kampuni itatumia sehemu ya uwanja wa kanisa, iukodishe kutoka kwa wadhamini kwa mkataba wa maandishi na kwa bei ya soko. Ukiipa bure, hutajua kamwe kama biashara ina faida au inaishi kwa jasho la waliochangia ploti. Na soma masharti ya hatimiliki yenyewe: ardhi nyingi za makanisa mjini ni za kukodi kutoka serikalini na zimeandikwa matumizi ya ibada pekee. Ukijenga maduka mbele bila kubadilisha matumizi kupitia kaunti, chini ya sheria ya mipango ya 2019, notisi ya kubomoa ikija hutakuwa na la kusema. Msamaha wa kulipa reti (ushuru wa ardhi) za kaunti nao unafuata ibada. Sehemu yenye maduka inaupoteza.

#4 Dada_Umoja

Wakili asante, nimejifunza. Lakini kanisa letu lina cheti cha KRA (mamlaka ya ushuru) cha msamaha wa ushuru. Kwa nini tusipitishe biashara zote humo, tukaepuka gharama za kampuni?

#5 Mhasibu_Eastlands

Dada, hapa ndipo wengi wanapoumia, nitaeleza taratibu.

Msamaha uko kwenye Jedwali la Kwanza la Sheria ya Ushuru wa Mapato, aya ya 10. Unahusu taasisi iliyoundwa kwa ajili ya kuondoa umaskini, kueneza dini au elimu pekee. Cheti kinadumu miaka 5, si cha milele. Mapato ya biashara hayaingii humo yenyewe. Kwanza faida yote lazima itumike kwa malengo hayo. Halafu lazima moja kati ya mambo matatu litimie: biashara iwe ni sehemu ya kutekeleza lengo lenyewe (mfano shule ya kanisa inayotoza karo), au kazi iwe inafanywa zaidi na wanufaika wenyewe (mfano vijana wa chuo cha useremala wanaouza viti wanavyotengeneza), au mapato yawe ni kodi ya pango ya ardhi na vilivyomo.

Sasa ipime kantini ya Muumini_Mkali. Chai si kueneza dini. Wanaopika wameajiriwa, si wanufaika. Si kodi ya nyumba. Kantini hiyo ni ya kutozwa ushuru hata kama cheti kimetundikwa ukutani. Mkaguzi akifika, atarudi nyuma miaka mitano na kukutoza pamoja na adhabu na riba.

Kampuni inalipa 30% ya faida, basi. Tuseme faida ni 1,000,000. Ikienda moja kwa moja, ushuru ni 300,000, zinabaki 700,000. Lakini kampuni ikitoa msaada wa pesa kwa kanisa lenye cheti halali, msaada huo unakatwa kwenye faida kabla ya kupiga ushuru. Ikitoa 400,000, inatozwa kwenye 600,000, yaani 180,000, na kampuni inabaki na 420,000 za kununulia mashine mpya. Ndiyo sababu nawaambia watu cheti kina kazi kubwa kikikaa kwa kanisa, si kwa kantini.

Kuhusu kodi ya nyumba: anayekosa msamaha na ana nyumba za kuishi analipa 7.5% ya kodi yote anayopokea tangu Januari 2024, ikiwa mapato ya mwaka ni kati ya 288,000 na milioni 15. Maduka hayamo humo, hayo ni faida na 30%. Mauzo ya biashara yakifika milioni 5 kwa mwaka, unasajili VAT (ushuru wa ongezeko la thamani), na kodi ya maduka inabeba 16%. Nyumba za kuishi hazibebi.

Halafu kuna eTIMS, mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na risiti ya eTIMS haikubaliwi kukatwa. Ukinunua kuni, mchanga au viazi bila risiti ya eTIMS, KRA inakuona kama umepata faida kubwa kuliko uliyonayo. Biashara za kanisa zinapenda kununua kwa waumini "kwa kuaminiana", na mwisho wa mwaka imani hiyo inatozwa 30%.

#6 Afisa_Mikopo

Nimesubiri mtu ataje akiba na mikopo. Kwangu hapo ndipo kanisa limefanya kazi kubwa kuliko kantini zote za Nairobi zikijumlishwa.

SMEP, taasisi ya mikopo midogo, ilizaliwa na Baraza la Makanisa, NCCK, kutokana na mpango wa 1975 wa kusaidia familia za mitaa ya mabanda hapa Nairobi. Msaada wa chakula ukageuka mikopo midogo, na 2010 Benki Kuu ikaipa leseni ya kupokea amana. Faulu ilianza kama mpango wa shirika la Kikristo la Food for the Hungry, 2009 ikawa ya kwanza kupata leseni ya aina hiyo, kisha Old Mutual ikanunua sehemu kubwa ya hisa. Caritas ya Jimbo Kuu la Nairobi ilipata leseni 2015, nyuma yake kukiwa na vikundi vya kujisaidia vilivyowekeza miaka mingi. Wote watatu walianza na vikundi vya watu wanaojuana, leseni ikaja mwisho.

Kanisa lisilo na ukubwa huo lianze na SACCO (chama cha ushirika cha akiba na mikopo) ya waumini. Unahitaji watu 10 tu kusajili chama cha msingi cha ushirika, na nakala nne za sheria ndogo. Kazi ngumu iko kwenye hizo sheria ndogo. Kawaida mkopo ni mara tatu ya akiba, wadhamini wa mkopo ni wanachama wenye akiba isiyofungwa kwa mkopo mwingine, riba 1% kwa mwezi kwa salio linalopungua.

Andikeni "salio linalopungua" kwa herufi kubwa. Mkopo wa 120,000 wa miezi 12, mtaji unaolipwa ni 10,000 kila mwezi. Riba ya mwezi wa kwanza ni 1,200, wa pili 1,100, hadi wa mwisho 100. Jumla 7,800. Ukipiga 12% ya moja kwa moja juu ya mkopo wote ni 14,400. Asilimia ni ileile mdomoni, mzigo karibu mara mbili. Nimeona vikundi vya makanisa vinatoza ya pili huku vikitangaza ya kwanza.

Vinavyoua SACCO za kanisa ni hivi:

Wadhamini wa mzunguko. A anamdhamini B, B anamdhamini C, C anamdhamini A, wote ni kwaya. Kazi ikiisha kwa mmoja, akiba za watatu zinaganda. Daftari la wadhamini likaguliwe kwa jina, si kwa fomu.

Huruma ya madhabahuni. Mchungaji anaomba kamati "imsaidie ndugu yetu" aliyechelewa. Msamaha ni mzuri, lakini hesabu haisamehewi. Kwa kipimo cha SASRA, msimamizi wa SACCO, mkopo uliochelewa siku 31 hadi 180 unatengewa 25% ya salio. Salio ni 200,000, umechelewa siku 45, unatenga 50,000 kutoka kwenye faida leo hii. Ukipita siku 180 ni nusu, ukipita 360 ni yote. Fuateni kipimo hicho hata kama SASRA haiwasimamii, maana kinaonyesha ukweli mapema.

Na kubwa zaidi, SACCO kununua ploti ya kanisa. SACCO inayopokea amana za kutoa wakati wowote hairuhusiwi kuwa na ardhi na majengo kuzidi 5% ya mali yake yote, na lazima iwe na mtaji wa msingi wa milioni 10. Ya mali milioni 60 haipaswi kuwa na ardhi na jengo zaidi ya milioni 3. Pesa ya mwanachama anayeihitaji Januari kwa karo haiwezi kukaa kwenye ploti ya Joska ikisubiri bei ipande. SACCO isiyopokea amana za aina hiyo nayo ikivuka milioni 100 za akiba inaingia chini ya SASRA, kwa hiyo jipangeni kabla ya kufika huko.

#7 Dada_Umoja

Afisa, hiyo ya wadhamini wa mzunguko ni kama umekaa kwenye kamati yetu. Swali jingine kwa wanaojua: tunapanga kuchimba kisima uwanjani, tuuze maji kwa mtungi, na baadaye tuweke kwenye chupa zenye nembo ya kanisa. Tuanzie wapi?

#8 Fundi_Maji

Anzieni kwenye maji yenyewe, si kwenye nembo.

Chini ya Nairobi maji yapo, lakini mengi yana floridi kuzidi kipimo cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita. Huioni, huinusi, huionji. Mtoto anayeyanywa miaka ya mwanzo anaota meno ya rangi ya kahawia, na kiwango kikiwa juu sana kwa miaka mingi mifupa inaharibika. Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapungua, floridi inabaki, kwa hiyo inazidi. Klorini haiigusi kabisa. Ulizeni majirani wenye visima wawaonyeshe cheti cha maabara kabla hamjalipa mtu wa kuchimba.

Taratibu: mtaalamu wa maji ya ardhini anaandika ripoti, NEMA (mamlaka ya mazingira) inataka tathmini ya mazingira, WRA (mamlaka ya rasilimali za maji) inatoa idhini ya kuchimba. Nairobi ni eneo la hifadhi la maji ya ardhini tangu 1953, kwa hiyo umbali na kisima cha jirani unaangaliwa. Kisima kikishachimbwa kinajaribiwa kwa kupampu mfululizo, kwa kawaida saa 24, wakiangalia maji yanashuka kiasi gani na yanarudi kwa kasi gani. Msikubali jaribio la saa tatu. Hapo ndipo pampu inachaguliwa. Ikiwa kubwa kuliko kisima, inavuta hewa na mota inaungua. Baadaye kuna kibali cha kutumia maji na mita ya WRA inayosomwa. Kwa kuuza kwa majirani, zungumzeni na kampuni ya maji ya jiji kabla ya kuvuta bomba nje ya ukuta.

Umeme: kuinua lita 1,000 kutoka mita 200 kunahitaji takriban uniti 0.55 kwa fizikia tupu. Pampu na mota zinapoteza karibu nusu, basi wekeni uniti 1.1. Lita 1,000 ni mitungi 50 ya lita 20. Zidisheni na bei ya uniti iliyo kwenye bili yenu. Mtaona umeme si tatizo.

Tatizo ni kuondoa floridi. Mkitumia mtambo wa kuchuja kwa utando, sehemu kubwa ya maji inatupwa. Kwa mitambo midogo ni kawaida kutupa nusu. Kwa hiyo mnapampu lita 2,000 kuuza 1,000, na maji ya kutupa yana floridi mara dufu, msiyapeleke kwenye tangi la choo kisha mkayasahau. Njia nyingine ni makaa ya mifupa. Jimbo Katoliki la Nakuru lilianzisha kitengo cha kushughulikia floridi, likatengeneza vichujio vya makaa ya mifupa, na kazi hiyo ikaundiwa kampuni. Ona hapo Mhasibu, ni msimamo wako huohuo: hakuna mchuuzi wa Nakuru ambaye peke yake angejenga tanuri na maabara. Makaa hayo yanachoka, lakini. Usipopima kila mwezi, siku yakichoka unauza maji yaleyale ya kisimani kwa bei ya maji safi.

Kuhusu chupa: mnahitaji alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango), na kuna ushuru wa bidhaa, maana tangu Novemba 2019 chupa za maji zinabeba stempu za KRA. Kuchapa nembo ya kanisa na kugawa harusini "kwa sadaka" hakuwaokoi. Bakini na mtungi.

#9 Mkono_wa_Unga

Niongeze upande wa mkate, kwa sababu ushirika wa akina mama wa makanisa mengi wanaanzia huko na wanafia huko.

Mfuko wa unga wa ngano wa kilo 50 unachukua maji lita 28 hadi 30, sukari kilo 3, mafuta ya kupikia kilo moja na nusu, chumvi gramu 900, hamira kavu gramu 500. Unga uliokandwa unatoka karibu kilo 85. Ukikata kipande cha gramu 450, tanuri inakula karibu 11%, unatoka na mkate wa gramu 400. Kwa hiyo mfuko mmoja ni mikate 185 hivi. Akikwambia mtu anatoa 220, pima mkate wake. Uzito ulioandikwa kwenye karatasi ni sheria, si mapambo.

Mambo mawili yanaharibu. La kwanza ni haraka ya kufunga. Mkate ukiingia mfukoni ukiwa moto unatoa jasho, siku ya pili una ukungu. Acha upoe saa moja na nusu hadi mbili, hadi katikati uwe wa joto la mkono. Hii inataka rafu na nafasi, ambayo mpango wa biashara wa kanisa huwa umeisahau kwa sababu walinunua tanuri kubwa kwanza.

La pili ni soko. Kanisa la waumini 400 ni nyumba labda 130. Hata zote zikinunua mkate mmoja kila siku hamfiki mfuko mmoja, na haziwezi kununua zote. Tanuri la mifuko mitatu kwa siku linahitaji zaidi ya mikate 550 iondoke kabla ya jioni. Vibanda havilipi mkate uliobaki; wanakurudishia. Ukirudishiwa mmoja katika kila kumi, faida imeisha. Anzeni kwa kupata maduka na shule zenye maandishi ya kununua, tanuri baadaye. Mkate wa kawaida una VAT ya sifuri, hapo kuna nafuu: ukishajisajili VAT unaweza kudai ile uliyolipa kwenye pembejeo. Keki hazimo. Na wote wanaogusa unga wawe na cheti cha afya cha kila miezi 6.

#10 Muumini_Mkali

Naona mnakwenda palepale nilipotaka. Kwa hesabu ya Mkono_wa_Unga, kanisa linalofungua tanuri la mkate linawapokonya waumini wanaooka nyumbani, na bado linapata hasara. Basi kanisa linunue unga kwa jumla, mifuko 100 kwa mkupuo, liwagawie waokaji kumi waumini kwa bei ya jumla pamoja na asilimia ndogo ya stoo. Hilo naliunga mkono. Lakini ni nani anayeshika ufunguo wa stoo?

#11 Karani_wa_Parokia

Ufunguo wa stoo ni suala la daftari. Niseme utaratibu unaofanya kazi, ukiwa mchache.

Nambari ya Paybill ya sadaka isiwe ndiyo ya biashara. Mkichanganya, mauzo ya unga na fungu la kumi vinaonekana mstari mmoja kwenye taarifa ya M-Pesa, na KRA ikiisoma inaona biashara ya mamilioni. Kuthibitisha kwamba laki sita zilikuwa sadaka kutakula mwaka mzima wa barua. Kampuni iwe na Till yake, akaunti yake ya benki, PIN yake.

Waweka sahihi wawe watatu, wawili lazima watie sahihi, na kati yao wasiwe mume na mke. Anayepokea pesa asiandike daftari, anayeandika daftari asishike stoo. Kadi ya stoo inaning'inia kwenye rundo lenyewe: tarehe, iliyoingia, iliyotoka, salio, jina la aliyechukua. Mtu wa tatu anahesabu mifuko Jumamosi bila kutangaza. Mifuko 3 ikikosekana, iandikwe siku hiyohiyo. Ukisubiri mwisho wa mwezi kila mtu atakumbuka alimpa mwenzake.

Unga unaotolewa kwa mkopo usizidi wiki mbili, na anayedaiwa hapewi mwingine hata awe mke wa mzee wa kanisa. Hasa akiwa mke wa mzee wa kanisa.

Hesabu zisomwe kwa waumini mara nne kwa mwaka, ukurasa mmoja: mauzo, gharama, madeni tunayodai, madeni tunayodaiwa, pesa benki. Wazee wakipenda kurasa kumi na mbili zenye picha, ujue kuna kitu.

#12 Dada_Umoja

Karani nimecheka hapo kwa mke wa mzee. Swali langu la mwisho: vijana wetu wawili wa stoo tunawapa "asante" ya 18,000 kwa mwezi, si mshahara. Hao tunawahesabuje?

#13 Mhasibu_Eastlands

Dada, mtu anayekuja kila siku, mna saa zake, mnamtuma, na mnampa 18,000 kila mwezi ni mwajiriwa, mpende msipende. Jina "asante" halibadilishi kitu mbele ya KRA wala mbele ya mahakama ya kazi.

Kwa kila mmoja: NSSF (akiba ya uzeeni) 6% kwake na 6% kwenu. SHIF (bima ya afya) 2.75% inakatwa kwake, hiyo ni 495. Ushuru wa nyumba 1.5% kwake na 1.5% kwenu, yaani 270 na 270. NITA (ada ya mafunzo ya kazi) shilingi 50 kwa mwezi, yenu. PAYE (ushuru wa mshahara) kwa kiwango hicho haimfikii, lakini ritani mnaijaza vilevile. NSSF, SHIF, ushuru wa nyumba na PAYE zote zinalipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Tarehe 9 ikiwa Jumapili, lipeni Ijumaa, msingoje dakika ya mwisho.

Kabla ya hapo waandikieni mkataba, kurasa mbili zinatosha: kazi, saa, malipo, siku 21 za likizo kwa mwaka, notisi. Na waajiriwe na kampuni, si na kanisa. Kama kampuni bado haijasajiliwa, usajili ndio uende kwanza, unga usubiri.